Kiti cha ndege

Kiti cha ndege ni kiti kinachofungwa katika chumba cha abiria cha eropleni. Kwa kukitazama kinafanana na kiti cha basi la masafa marefu, lakini kisheria kinahesabiwa kuwa sehemu ya ndege yenyewe: hakiwezi kufungwa, kuhamishwa wala kubadilishwa bila kufuata vipimo vilivyokubaliwa na mamlaka ya usafiri wa anga. Tofauti na daladala au matatu, ndege haina abiria wa kusimama. Kila mtu mwenye umri wa miaka miwili au zaidi lazima awe na kiti chake na mkanda wake. Mtoto mchanga wa chini ya umri huo anaruhusiwa kupakatwa.

Idadi ya viti vya ndege moja huamuliwa mara tatu, kila mara kwa sababu tofauti. Kwanza huamuliwa na milango: ndege hairuhusiwi kubeba watu wengi kuliko wanaoweza kutoka haraka wakati wa hatari. Pili huamuliwa na kampuni ya ndege, ambayo kwa kawaida hufunga viti vichache kuliko kiwango hicho ili iwe na madaraja tofauti ya huduma. Tatu huamuliwa na mfumo wa kuuza tiketi, na huo unaweza kuuza nafasi nyingi kuliko viti vilivyofungwa. Abiria wengi hukutana na tofauti kati ya idadi hizo wakiwa tayari wamefika uwanjani.

Muundo

Viti hutengenezwa kwa seti ya viwili, vitatu au vinne kwenye fremu moja ya alumini. Miguu ya fremu hushikizwa kwenye reli zilizolazwa sakafuni kutoka mbele hadi nyuma ya ndege. Reli hizo zina matundu yaliyopangwa kila baada ya inchi moja (sentimita 2.54), hivyo mafundi wanaweza kusogeza safu, kuongeza nyingine au kuiondoa bila kugusa bodi ya ndege. Ndiyo maana abiria aliyechagua kiti cha dirishani wakati mwingine hujikuta anatazama ukuta: madirisha yalipangwa kiwandani kufuatana na mbavu za bodi, lakini safu za viti zilipangwa na kampuni ya ndege.

Viti vya ndege za kisasa lazima vistahimili mshtuko wa kwenda mbele wenye nguvu ya 16 g, yaani mara 16 ya uzito wake. Kabla ya hapo kipimo kilikuwa 9 g. Marekani iliweka sharti la 16 g kwa aina mpya za ndege mwaka 1988, na tangu Oktoba 2009 linahusu pia ndege mpya za aina za zamani zinazotengenezwa kwa ajili ya mashirika ya ndege ya nchi hiyo. Kitambaa na sponji navyo hupimwa kwa moto, kwa sababu katika ajali nyingi moshi huua watu walionusurika mgongano wenyewe.

Agizo la kusimamisha kiti na kukunja meza wakati wa kuruka na kutua linatokana na jambo hilohilo. Kiti kilicholazwa hakimzuii aliyelala, bali humzuia aliye nyuma yake kufika kwenye ujia.

Safu hupewa namba kuanzia mbele, na viti hupewa herufi kuanzia upande wa kushoto. Herufi I hurukwa ili isichanganywe na tarakimu 1. Baadhi ya kampuni huruka pia safu ya 13. Lufthansa haina safu ya 13 wala ya 17, kwa kuwa namba 17 ni ya mkosi kwa watu wa Italia na Brazil.

Historia fupi

Katika miaka ya 1920 ndege nyingi za abiria zilikuwa na viti vya fito zilizosukwa, kama vile vinavyowekwa barazani, kwa sababu vilikuwa vyepesi. Daraja lilikuwa moja tu, na nauli ilikuwa ya matajiri. Mwaka 1952 mashirika yaliyovuka Atlantiki ya Kaskazini yalikubaliana kuanzisha daraja la bei nafuu, na kuanzia hapo ndipo chumba cha abiria kilipogawanywa. Daraja la biashara lilikuja mwishoni mwa miaka ya 1970.

Milango na sekunde 90

Mtengenezaji wa ndege yenye viti zaidi ya 44 anapaswa kuonyesha kwamba watu wote, pamoja na wahudumu, wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90. Marekani ilianza mwaka 1965 kwa kudai sekunde 120, ikapunguza hadi 90 mwaka 1967, na Ulaya inafuata kipimo hichohicho. Jaribio hufanyika gizani, kwa kutumia nusu tu ya milango, na washiriki hawaambiwi mapema ni nusu ipi. Mizigo ya mkononi, mito na mablanketi hutawanywa kwenye ujia. Angalau asilimia 40 ya washiriki lazima wawe wanawake, asilimia 35 wawe na umri wa zaidi ya miaka 50, na wanasesere watatu hubebwa kuwakilisha watoto wachanga.

Jaribio kubwa kuliko yote lilifanyika Hamburg, Ujerumani, tarehe 26 Machi 2006 kwa ajili ya Airbus A380. Watu 873 (abiria 853 na wahudumu 20) walitoka kwa sekunde 78 kupitia milango 8 kati ya 16. Kwa hiyo A380 iliruhusiwa kubeba abiria hadi 853, ingawa hakuna kampuni iliyowahi kufunga viti vingi kiasi hicho. Emirates ilifikia 615.

Majaribio hayo si mchezo. Katika jaribio la ndege ya McDonnell Douglas MD-11 mwaka 1991 huko California watu wengi waliumia, na mwanamke mmoja aliyejitolea alipooza maisha yake yote. Baada ya hapo wakaguzi walianza kukubali mara nyingi zaidi hesabu na majaribio ya sehemu za ndege badala ya jaribio la ndege nzima yenye watu.

Bila kujali jaribio, sheria pia hutoa idadi kwa kila aina ya mlango. Jozi moja ya milango mikubwa kabisa, mmoja kila upande, huhesabiwa kwa abiria 110. Jozi ya milango midogo ya dharura iliyo juu ya bawa huhesabiwa kwa 35 tu. Matokeo yake ni kwamba kuongeza viti kunaweza kudai kutoboa bodi. Boeing 737-800 ina kikomo cha abiria 189. Ryanair ilipotaka viti vingi zaidi katika ndege mpya ya familia hiyo, Boeing ilitengeneza aina maalumu yenye jozi ya ziada ya milango nyuma ya mabawa. Inaweza kuidhinishwa hadi viti 210, na Ryanair imefunga 197.

Hesabu nyingine ni ya wahudumu. Marekani na Ulaya zinadai mhudumu mmoja kwa kila viti 50 au sehemu ya 50, na ndege yenye viti 19 au pungufu inaweza kuruka bila mhudumu. Kiti cha 51 kwa hiyo kina gharama ya mshahara mzima. Mwaka 2022, kampuni ya easyJet ya Uingereza ilipokosa wafanyakazi wa kutosha, iliondoa safu ya nyuma katika ndege zake za Airbus A319: viti vilishuka kutoka 156 hadi 150, na wahudumu watatu wakatosha badala ya wanne.

Ajali halisi hazifuati mpangilio wa majaribio. Tarehe 22 Agosti 1985 Boeing 737 ya British Airtours ilishika moto ikiwa bado ardhini kwenye uwanja wa Manchester, Uingereza. Kati ya watu 137 walikufa 55, wengi wao kwa moshi. Abiria aliyeketi kando ya mlango wa dharura wa juu ya bawa alivuta kwanza egemeo la mkono, akidhani ndiyo mpini. Mlango ulipofunguka, kipande chake chenye uzito wa takriban kilo 22 kilimwangukia mapajani. Nafasi ya kupita kati ya viti ilikuwa finyu, na watu waliziba njia. Baadaye mamlaka ya Uingereza iliamuru nafasi pana zaidi mbele ya milango hiyo, na nafasi hiyo ndiyo ambayo siku hizi kampuni huiuza kama kiti chenye nafasi ya ziada ya miguu. Anayekaa hapo lazima awe mtu mzima mwenye uwezo wa kufungua mlango. Mtoto, mama mwenye mtoto mchanga au mtu anayehitaji mkanda wa nyongeza huhamishwa hata kama ameshalipia.

Nchini Tanzania, tarehe 6 Novemba 2022, ndege aina ya ATR 42 ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Viktoria karibu na uwanja wa Bukoba. Ilikuwa na watu 43. Walikufa 19, wakiwemo marubani wote wawili. Katika ATR mlango mkuu wa abiria uko nyuma, si mbele kama katika ndege nyingi kubwa. Sehemu ya mbele ilizama, lakini mkia ulibaki karibu na uso wa maji, na manusura walitoka kupitia nyuma wakipokelewa na wavuvi waliofika kwa mitumbwi.

Tarehe 2 Januari 2024 ndege ya Japan Airlines aina ya Airbus A350 iligongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani kwenye uwanja wa Haneda, Tokyo, ikawaka moto. Milango mitatu tu kati ya minane ilifaa kutumika. Watu wote 379 waliokuwamo walitoka hai, ingawa ilichukua takriban dakika 18 tangu kutua hadi rubani, aliyekuwa wa mwisho, akanyage chini. Watazamaji wengi waligusia jambo moja: katika picha hakuonekana abiria aliyeteremka na begi.

Nafasi kati ya safu

Nafasi ya kiti hupimwa kutoka sehemu moja ya kiti hadi sehemu ileile ya kiti cha mbele. Kipimo hicho si nafasi ya miguu yenyewe, kwa sababu unene wa kiti umo ndani yake. Kiti chembamba katika inchi 30 kinaweza kuacha nafasi kubwa kuliko kiti kinene katika inchi 31. Katika daraja la kawaida kipimo kilicho cha kawaida siku hizi ni inchi 30 hadi 32 (sentimita 76 hadi 81), na katika kampuni za bei nafuu hushuka hadi inchi 28 (sentimita 71).

Upana nao hutegemea ni viti vingapi vimewekwa katika safu. Boeing 787 ilisanifiwa kwa wazo la viti 8 katika kila safu ya daraja la kawaida, lakini karibu wateja wote walichagua 9. Japan Airlines ni kati ya wachache waliobaki na 8. Boeing 777 ilianza na 9 na sasa nyingi zina 10. Ndege haikupanuka. Kilichopungua ni sentimita chache za kila abiria na upana wa ujia. Embraer 190, ambayo hutumiwa na Kenya Airways kwa safari za kanda, ina viti viwili kila upande, hivyo hakuna anayebanwa katikati.

Uingereza ilikuwa na kipimo cha chini tangu mwaka 1989: angalau inchi 26 (sentimita 66) kati ya egemeo la mgongo na kiti cha mbele. Marekani haikuwa nacho. Chama cha abiria FlyersRights kilishtaki, na mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya Washington iliiagiza mamlaka ya anga (FAA) kulifikiria upya suala hilo. Mwaka 2018 Bunge la nchi hiyo likaagiza vipimo viwekwe. FAA ilifanya majaribio na watu 775 wa kujitolea huko Oklahoma City, lakini wote walikuwa watu wazima wenye afya na chini ya umri wa miaka 60. Hakukuwa na watoto, wazee wala watu wenye ulemavu, yaani wale hasa ambao nafasi finyu huwachelewesha. Mkuu wa FAA mwenyewe alikiri kwamba kwa sababu hiyo matokeo hayakuwa ya mwisho. Mwaka 2022 wananchi walituma maoni zaidi ya 26,000. Machi 2023 mahakama ilikataa kuilazimisha FAA kuweka kipimo.

Ndege moja, idadi tofauti

Kwa kuwa kampuni huchagua mpangilio wake, jina la aina ya ndege halimwambii msafiri ina viti vingapi. Boeing 787-8 ni mfano mzuri. Kikomo chake kwa upande wa milango ni abiria 381. Kenya Airways imefunga viti 234, 30 vikiwa vya daraja la biashara. Air Tanzania imefunga 262, na 22 tu ni vya biashara. Kampuni ya ANA ya Japani iliweka viti 335 katika ndege zake za safari za ndani, ambazo hudumu muda mfupi. Hizo zote ni ndege za urefu uleule, na tofauti ya viti 101 kati ya Nairobi na Tokyo ni uamuzi wa kibiashara tu.

Kitanda kimoja cha daraja la biashara huchukua eneo la viti vitatu au zaidi vya kawaida. Kampuni hulinganisha nauli ya kitanda hicho na nauli za viti vilivyoondolewa. Kwenye njia yenye maofisa na wafanyabiashara wengi hesabu huelekea upande mmoja. Kwenye njia ya watalii, wanafunzi na mahujaji huelekea upande mwingine.

Idadi kubwa kuliko zote ilipatikana kwa kuondoa viti. Mei 1991, Israel ilipowahamisha Wayahudi wa Ethiopia kutoka Addis Ababa, Boeing 747 moja ya El Al ilibeba watu zaidi ya 1,000. Ilikuwa hali ya dharura, na hakuna mamlaka ingeruhusu safari ya kawaida ya namna hiyo.

Uzito

Kuna siku ambazo viti vipo, abiria wapo, na bado baadhi ya viti lazima vibaki wazi. Ndege hupaa kwa nguvu ya hewa, na hewa ya mahali pa juu au penye joto ni nyepesi, hivyo mabawa na injini hupata nguvu kidogo. Uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, na ule wa Addis Ababa zaidi ya mita 2,300. Ndege inayoondoka huko kwa safari ndefu inaweza kulazimika kupunguza mizigo au abiria ili ibebe mafuta ya kutosha, wakati ndege ileile ikitoka Mombasa au Dar es Salaam, kando ya bahari, haina tatizo hilo.

Katika ndege kubwa abiria hawapimwi mmojammoja. Kampuni hutumia uzito wa wastani ulioidhinishwa. Katika ndege ndogo wastani unaweza kudanganya. Tarehe 8 Januari 2003 ndege ya Air Midwest yenye abiria 19 ilianguka Charlotte, Marekani, wakafa watu wote 21. Uchunguzi ulionyesha makosa ya matengenezo kwenye mfumo wa usukani wa mkia, na pia kwamba uzito wa wastani uliotumiwa ulikuwa wa zamani: abiria halisi na mabegi yao walikuwa wazito zaidi, na uzito ulielemea nyuma. FAA iliongeza viwango hivyo baadaye. Kwa sababu hiyohiyo abiria wa ndege ndogo kama Cessna Caravan zinazokwenda Serengeti, Maasai Mara au Mafia huulizwa uzito wao au kupimwa, hukadiriwa mizigo ya takriban kilo 15, na hupangiwa viti na rubani badala ya kuchagua wenyewe.

Kuhifadhi nafasi

Hadi miaka ya 1950 nafasi zilihifadhiwa kwa kadi za karatasi. Karani alipokea simu, akatafuta kadi ya safari, akaweka alama, na wenzake wa miji mingine waliarifiwa kwa simu au telegramu. Mwaka 1953 rais wa American Airlines, C. R. Smith, aliketi kwenye ndege kando ya ofisa mauzo wa IBM aliyeitwa R. Blair Smith. Kutokana na mazungumzo yao ulizaliwa mfumo wa kompyuta wa Sabre, ulioanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuenea katika ofisi zote za kampuni hiyo mwaka 1964. Amadeus, mshindani wake wa Ulaya, ilianzishwa mwaka 1987 na Air France, Lufthansa, Iberia na SAS. Tiketi za karatasi za mashirika ya IATA zilikomeshwa tarehe 1 Juni 2008.

Kila uhifadhi una namba ya kumbukumbu ya herufi na tarakimu sita. Hapa kuna jambo linalowachanganya wasafiri wengi: uhifadhi uliothibitishwa ni ahadi ya nafasi katika safari fulani, si katika kiti fulani. Namba ya kiti hutolewa kando, ama wakati wa kununua, ama wakati wa kujiandikisha kwa safari, na kampuni inaweza kuibadilisha ikileta ndege yenye mpangilio mwingine. Tiketi isiyo na namba ya kiti bado ni halali. Southwest ya Marekani ilisafirisha abiria kwa zaidi ya miaka 50 bila kuwapangia viti kabisa, kila mtu akikaa alipopenda. Mwaka 2024 ilitangaza kuacha utaratibu huo.

Viti vya daraja moja pia huuzwa kwa bei nyingi tofauti. Mfumo hugawa nafasi katika mafungu yenye herufi, na fungu la bei nafuu likiisha hufungwa hata kama ndege ni tupu. Msingi wa hesabu hiyo uliandikwa mwaka 1972 na Ken Littlewood wa shirika la BOAC la Uingereza: uza kwa bei ya chini mradi fedha hiyo ya uhakika inazidi bei ya juu ikizidishwa kwa uwezekano wa kumpata mnunuzi wake baadaye.

Kuuza viti kupita idadi

Kila safari ina abiria wasiotokea. Wengine wamechelewa, wengine wamebadilisha mipango, wengine wamekosa ndege ya kuunganisha. Kiti kinachoruka kikiwa tupu hakiwezi kuuzwa kesho, kwa hiyo kampuni nyingi huuza tiketi zaidi ya viti. Katika nchi nyingi jambo hilo ni halali.

Mfano wa hesabu: ndege ina viti 76, na kila abiria ana uwezekano wa asilimia 5 wa kutotokea. Ikiuzwa tiketi 76, wastani wa viti karibu 4 huruka vitupu. Zikiuzwa 78, safari kama 9 kati ya 100 zitakuwa na mtu anayekosa kiti. Zikiuzwa 79, safari kama 24 kati ya 100. Zikiuzwa 80, safari kama 43 kati ya 100. Tiketi mbili za mwisho ndizo zenye hatari kubwa. Hesabu hiyo hudhani kwamba kila mtu huamua peke yake, na si hivyo: familia ya watu sita inayokwenda harusini hutokea yote au haitokei kabisa.

Zamani kampuni hazikuwaambia abiria. Tarehe 28 Aprili 1972 mtetezi wa walaji Ralph Nader alikuwa na tiketi iliyothibitishwa ya Allegheny Airlines kutoka Washington kwenda Hartford, akakuta ndege imejaa. Alishtaki, na mwaka 1976 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba anaweza kuidai kampuni kwa kuficha mazoea hayo. Wakati huo wa kumwacha alichaguliwa na kampuni ilivyopenda. Mwanauchumi Julian Simon alikuwa amependekeza tangu mwaka 1968 kwamba abiria waulizwe ni nani yuko tayari kubaki kwa malipo, na kwa malipo kiasi gani. Mashirika yalimcheka kwa miaka kumi. Mwaka 1978 serikali ya Marekani iliamuru yatafute kwanza wanaojitolea, na tangu hapo idadi ya wanaokataliwa kwa lazima nchini humo imekuwa ndogo sana.

Utaratibu huo ulishindwa hadharani tarehe 9 Aprili 2017 mjini Chicago. Ndege ya viti 70 iliyoruka kwa jina la United Express ilikuwa imejaa na abiria wameshaketi, ndipo zikahitajika nafasi nne za wafanyakazi wa kampuni waliotakiwa Louisville. Hakuna aliyekubali malipo yaliyotolewa. Wanne wakachaguliwa, mmoja akakataa kushuka, na maofisa wa usalama wa uwanja wakamburuta kwenye ujia akitokwa na damu huku wenzake wakirekodi kwa simu. Kampuni ilikuwa bado haijafikia kiwango chake cha juu cha malipo. Sheria ya mwaka 2018 inakataza kumtoa abiria kwa sababu ya kukosa nafasi baada ya tiketi yake kukaguliwa na yeye kupanda.

Malipo kwa aliyekosa kiti

Marekani, tangu Januari 2025, anayekataliwa kwa lazima hulipwa hadi dola 1,075 au 2,150 kulingana na nauli yake na muda aliocheleweshwa. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni namba 261 ya mwaka 2004 hutoa euro 250, 400 au 600 kulingana na umbali, pamoja na chakula, malazi ikihitajika, na hiari ya kurudishiwa nauli au kusafirishwa kwa ndege nyingine. Uingereza ilibaki na kanuni hiyo baada ya kujitoa, kwa paundi 220, 350 au 520.

Kanuni ya Ulaya inawahusu pia wasafiri wa Afrika Mashariki, lakini kwa namna isiyo sawa kwa pande zote mbili. Safari yoyote inayoondoka Ulaya imo, hata ya kampuni ya nje: anayekataliwa Amsterdam kwenye ndege ya Kenya Airways ya kwenda Nairobi anastahili euro 600, kwa kuwa umbali unazidi kilomita 3,500. Safari ya kuja Ulaya imo tu ikiwa kampuni ni ya Ulaya. Kutoka Dar es Salaam kwa KLM abiria analindwa; kutoka Nairobi kwa Kenya Airways kanuni hiyo haimfikii. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama wake, unahusu ajali, mizigo na ucheleweshaji, lakini hauna kifungu maalumu juu ya abiria aliyenyimwa kiti, na mahakama za nchi mbalimbali zimetofautiana kama kunyimwa huko ni ucheleweshaji au ni kuvunja mkataba wa tiketi.

Anayeachwa kwa kawaida ni yule aliyejiandikisha mwisho, mwenye nauli ya chini na asiye na kadi ya uanachama wa kampuni. Watoto wanaosafiri peke yao na watu wenye ulemavu hupewa kipaumbele. Abiria anayekubali kubaki kwa hiari hupata kile alichopatana na kampuni, na haki ya malipo ya lazima huisha mara anaposaini, kwa hiyo ni muhimu kujua kwanza kama anapewa fedha taslimu au hati ya kununulia tiketi nyingine yenye tarehe ya mwisho.